Kamati ya Shule si Muhuri wa Mwalimu Mkuu

Katika shule zetu nyingi ipo desturi moja iliyozoeleka mno, hata watu hawaioni tena kuwa ni kasoro. Kikao cha kamati ya shule huitwa kwa saa nne za asubuhi. Wajumbe hufika mmoja mmoja, wengine wakitoka shambani, na kikao huanza saa saba. Mwalimu mkuu, ambaye ndiye katibu, husoma taarifa ya mapato na matumizi ambayo hakuna mjumbe aliyepata kuiona kabla ya siku hiyo. Hesabu husomwa kwa haraka. Mwenyekiti huuliza kama kuna swali, na swali halipo. Karatasi huzungushwa, wajumbe hutia sahihi, soda huletwa, kikao hufungwa. Wiki mbili baadaye mzazi akiuliza kwa nini paa la darasa la tatu lingali linavuja, huambiwa kwamba matumizi yote yalipitishwa na kamati yake mwenyewe.

Yafaa tuseme bila kuficha kwamba huo si ushirikishwaji wa wananchi. Ni kukopa majina ya wananchi ili kufunika uamuzi ambao haukuwa wao. Kamati ya namna hiyo ni muhuri, na muhuri hauna macho. Hugonga karatasi yoyote utakayowekewa chini yake.

Lakini ugonjwa huu una ndugu yake, nao hutokea shule ya pili, pengine katika kata hiyohiyo. Huko mjumbe wa kamati huingia darasani kipindi kikiendelea na kumfokea mwalimu mbele ya wanafunzi. Hudai mwanawe apandishwe darasa. Huamua mwalimu yupi ahamishwe kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba. Mwalimu mkuu wa shule kama hiyo huishi kwa kuomba radhi, na walimu wake husubiri uhamisho kama mfungwa anavyosubiri msamaha.

Hoja ya makala haya ni moja. Mamlaka ya kamati na mamlaka ya mwalimu mkuu ni mamlaka mawili tofauti. Kila moja lina mahali pake, na upande mmoja ukiyashika yote mawili shule hupotea. Watumishi wa umma na walimu ndio wanaoandika nyaraka, wanaoitisha vikao na wanaopokea taarifa. Kwa hiyo wao ndio wenye uwezo wa kuuchora mpaka huo, na wao ndio watakaoulizwa ukiendelea kufutwa.

NANI MWENYE SHULE?

Chini ya mkoloni swali hili lilikuwa na jibu jepesi. Shule ilikuwa ya misheni au ya serikali ya kikoloni, na mwalimu mkuu aliwajibika kwa padri au kwa afisa wa elimu. Mzazi wa kawaida alikuwa na wajibu wa kulipa karo na kunyamaza.

Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alikataa shule iliyojitenga kama kisiwa na kutaka iwe sehemu ya jumuiya inayoizunguka. Novemba 1974 Azimio la Musoma likataka kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Nani aliyeibeba kazi hiyo? Wanavijiji walifyatua matofali, wakakata miti, wakachota maji na kusimamisha kuta. Mwaka 1978 Sheria ya Elimu ikaweka kamati katika shule za msingi na bodi katika shule za sekondari.

Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na mwaka uliofuata ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, wa mwaka 2002 hadi 2006. Hapo kamati zilipata kazi ya kweli. Ruzuku ya maendeleo na ruzuku ya uendeshaji zilipelekwa hadi shuleni. Kamati zikatakiwa kupanga, kusimamia ujenzi na kutoa hesabu. Mjumbe aliyekwenda mwenyewe kuhesabu mifuko ya saruji alijua ilipoingia na ilipotumika. Waliokuwamo katika utumishi siku zile wanakumbuka kwamba palikuwa na makosa mengi, lakini wanakumbuka pia kwamba palikuwa na maswali.

Januari 2016 elimu bila ada ilianza kutekelezwa hadi kidato cha nne, kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015. Jambo hilo lilikuwa jema, na watoto waliofurika katika madarasa ya kwanza mwaka ule ni ushahidi wake. Lakini liliacha nyuma fikra moja potofu. Wazazi wengi walidhani kwamba maadamu hawatoi ada, hawana tena la kuuliza. Na watendaji wengine walifurahi kuwaacha waendelee kudhani hivyo. Januari 2018 Rais John Magufuli alipopiga marufuku walimu kukusanya michango na kuwarudisha nyumbani watoto ambao hawajalipa, alikuwa anamlinda mtoto wa maskini. Wako waliolitafsiri agizo hilo kwamba hata kikao cha wazazi ni hatari, kwa hiyo heri kisiitishwe.

Hilo ni kosa la hoja. Fedha ya ruzuku haikuanguka kutoka mbinguni. Ni kodi ya mkulima wa pamba, ya mvuvi na ya mama muuza vitumbua. Mzazi aliyeacha kutoa ada mlangoni pa shule anaendelea kuilipia shule hiyo kila anunuapo sabuni. Haki yake ya kuuliza haikufutwa pamoja na ada.

MWENYE KALAMU

Tatizo halianzii katika tabia mbaya ya mtu mmoja. Linaanzia katika mpangilio wenyewe. Mwalimu mkuu ni katibu wa kamati. Yeye huandaa ajenda, huandika muhtasari na kutunza faili. Yeye huyohuyo ndiye mtendaji wa maamuzi, yeye huomba fedha zitoke, na yeye huandika taarifa kwamba fedha zimetumika vema. Mwenyekiti huja shuleni mara nne kwa mwaka. Katibu yupo kila siku. Katika mpangilio wa namna hiyo hata malaika angejikuta anajikagua mwenyewe. Mwenye kalamu ndiye mwenye kikao.

Na fedha zenyewe tuzihesabu. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na shilingi 25,000 kwa wa sekondari. Katika zile 10,000, shilingi 4,000 zilitengwa kwa ajili ya vitabu vinavyonunuliwa kwa pamoja, na 6,000 zikapelekwa shuleni. Chukua shule yenye watoto 800. Kwa hesabu hiyo hupata shilingi 4,800,000 kwa mwaka, yaani 400,000 kwa mwezi. Kila mtoto ana shilingi 500 kwa mwezi za chaki, karatasi za mitihani, matengenezo, michezo na uendeshaji wa ofisi.

Atatokea mtu aseme kwamba fedha hizo ni kidogo mno kuundiwa kamati. Sisi tunasema kwamba kwa sababu ni kidogo, ndiyo maana zinahitaji macho mengi. Penye milioni mia, laki moja ikipotea hujificha. Penye laki nne, laki moja ikipotea ni chaki ya wiki nzima. Serikali ilipoanza kumlipa mwalimu mkuu posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi, na mkuu wa shule ya sekondari 250,000, ilitambua uzito wa kazi yao. Lakini posho ya madaraka maana yake ni malipo ya kuwajibika, na mtu hawezi kuwajibika mbele ya kamati ambayo haioni karatasi zake.

Jambo la kushangaza ni kwamba siku hizi taarifa za shule husafiri mbali kuliko wakati wowote uliopita. Mfumo wa kompyuta wa FFARS uliletwa ili hesabu za vituo, zikiwemo shule na zahanati, zionekane hadi juu. Manunuzi ya umma yakahamishiwa katika mfumo wa NeST mwaka 2023. Hayo ni maendeleo. Lakini mzazi anayeishi hatua mia mbili kutoka lango la shule hana nywila ya mfumo wowote. Aliye Dodoma anaweza kujua, aliye jirani hajui. Uwajibikaji unaopanda juu tu bila kushuka chini ni urasimu uliovaa nguo mpya.

KILIO CHA MWALIMU MKUU

Ingekuwa dhuluma, hata hivyo, kumchora mwalimu mkuu kama mwizi wa kuzaliwa. Walio wengi ni watumishi waaminifu waliobebeshwa mzigo ambao hawakusomea. Tukumbuke mwaka 2021, fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19 zilipotolewa kujenga madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 ya sekondari na 3,000 katika shule shikizi, na kazi ikatakiwa kumalizika kwa miezi michache. Njia iliyotumika ni ile inayoitwa "force account", ambapo shule au ofisi husimamia ujenzi wenyewe kwa kutumia mafundi, bila kumpa kandarasi mjenzi mkubwa. Watoto walipata mahali pa kukaa, na hilo hatulipuuzi. Lakini walimu wakuu waliamka wakiwa wasimamizi wa zege, wanunuzi wa nondo na walinzi wa mchanga. Somo la hisabati la darasa la sita lilimsubiri mtu aliyekuwa stoo akihesabu bati.

Huko juu ya mwalimu mkuu kuna ngazi ndefu: afisa elimu wa kata, mtendaji wa kata, afisa elimu wa wilaya, mkurugenzi wa halmashauri, mkuu wa wilaya. Kila mmoja anaweza kumpigia simu asubuhi, na kila mmoja hutaka taarifa jioni. Mmoja akisema ajenge choo kwanza na mwingine akisema anunue madawati kwanza, yeye hana pa kusimama.

Hapa ndipo mwalimu mkuu mwenye busara angepaswa kuipenda kamati yake kuliko mtu mwingine yeyote. Kamati iliyokaa, ikajadili na kuandika kwamba mwaka huu fedha ya matengenezo ni ya paa, ni ngao yake. Simu ya asubuhi ikija, hujibu kwa heshima: "Ndugu, kamati imekwisha kupanga, na mpango huu hapa." Mwalimu mkuu aliyeigeuza kamati kuwa muhuri ameivunja ngao hiyo kwa mikono yake. Siku mambo yakiharibika atasimama peke yake, na wale wajumbe waliotia sahihi bila kusoma watakuwa wa kwanza kusema kwamba hawakujua.

MJUMBE ANAYEJIFANYA MWALIMU

Sasa tugeuke upande wa pili. Wako wajumbe wa kamati na bodi wanaoamini kwamba kuchaguliwa kumewapa utaalamu. Hao nao ni lazima waambiwe. Ualimu ni taaluma. Namna ya kumfundisha mtoto kusoma, ratiba ya vipindi, mgawanyo wa walimu katika madarasa, upimaji wa mitihani: hayo ni ya mwalimu mkuu na walimu wake. Mjumbe ana haki kamili ya kuuliza kwa nini watoto wa darasa la tatu hawajui kusoma. Hana haki ya kumwamuru mwalimu namna ya kufundisha herufi.

Nidhamu ya kazi ya walimu nayo ina njia yake. Kuna Tume ya Utumishi wa Walimu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Mwalimu anayekuja amelewa au asiyeonekana kazini ashitakiwe kwa njia hiyo, kamati ikitoa malalamiko yake kwa maandishi. Mkutano wa hadhara wa kumzomea mwalimu haumrekebishi mwalimu. Huwafundisha watoto kwamba elimu haina heshima.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wapinzani wa kamati hupenda sana methali hiyo. Lakini methali hiyo inasema habari za manahodha, haisemi habari za mwenye chombo. Mwenye chombo huamua jahazi liende bandari ipi, libebe shehena gani, na safari ikiisha hudai hesabu. Usukani haugusi, wala hamfundishi nahodha namna ya kukata wimbi. Na nahodha, hata awe hodari namna gani, haligeuzi jahazi kuwa mali yake kwa sababu tu anakesha ndani yake.

MAMBO YASIYOPIGIWA KURA

Yako mambo ya tatu ambayo si ya kamati wala si ya mwalimu mkuu. Ni haki ya mtoto kwa mujibu wa sheria, na hapo hakuna kikao kinachoweza kuibatilisha kwa wingi wa mikono.

Chukua adhabu ya viboko. Kanuni za mwaka 2002 ziliweka kikomo cha viboko vinne, zikataka vitolewe na mkuu wa shule mwenyewe au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe katika kitabu. Tuache kwa leo mjadala wa kama viboko vinafaa. Hata anayeviunga mkono yampasa akubali kwamba mwalimu mkuu hawezi kuongeza namba hiyo kwa hasira yake, wala kamati haiwezi kupitisha azimio la viboko kumi. Na kitabu hicho kipo ili kisomwe. Ni kamati ngapi zimewahi kukiomba?

Chukua msichana aliyepata mimba akiwa shuleni. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na adhabu ya anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi ikawa kifungo cha miaka 30. Novemba 2021 Serikali ikatangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya kujifungua waruhusiwe kurudi shuleni. Lakini huko vijijini bado vipo vikao vya wazee, pengine vyenye wajumbe wa kamati ndani yake, ambavyo hukaa na familia mbili "kuyamaliza kienyeji" kwa ng'ombe wachache. Na bado wapo walimu wakuu wanaomwambia msichana aliyerudi kwamba shule haina nafasi, kwa sababu wanaogopa maneno ya wazazi. Hao wote wawili wamepiga kura juu ya jambo lisilo lao. Kesi ni ya polisi na mahakama; dawati ni la msichana.

SOMO LA AFRIKA KUSINI

Wapo ndugu zetu watakaosema kwamba dawa ni nyepesi: tuwape wazazi madaraka yote, mwalimu mkuu abaki mwajiriwa wao. Kabla ya kukimbilia huko, tuwaangalie jirani zetu wa kusini, ambao wamekwenda mbali kuliko sisi katika njia hiyo.

Baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, Afrika Kusini ilitunga Sheria ya Shule ya mwaka 1996. Sheria hiyo ilitenganisha waziwazi mambo mawili. Utawala wa shule uliwekwa mikononi mwa bodi; uendeshaji wa kitaaluma ukawekwa kwa mwalimu mkuu, chini ya mamlaka ya mkuu wa idara ya elimu ya jimbo. Wazazi katika bodi ni lazima wazidi, angalau kwa mmoja, jumla ya wajumbe wengine wote wenye kura. Mwenyekiti ni lazima awe mzazi asiyeajiriwa na shule hiyo. Katika shule za sekondari wanafunzi nao wana wawakilishi. Kwa karatasi, ni mpangilio wa kupigiwa mfano.

Lakini sheria hiyo iliikuta nchi yenye shule tajiri na shule fukara, na bodi za shule tajiri zilipata nazo madaraka yaleyale ya kuweka sera ya lugha na sera ya kuandikisha watoto. Huko Ermelo, jimbo la Mpumalanga, shule iliyofundisha kwa Kiafrikana peke yake iligombana na idara kuhusu watoto waliotaka kufundishwa kwa Kiingereza na kukosa madarasa mwaka 2007. Shauri likafika Mahakama ya Katiba, ambayo Oktoba 2009 ilisema kwamba mkuu wa idara anaweza kuiondolea bodi madaraka yake ya lugha kwa sababu za haki. Papo hapo ikasema kwamba idara ilikuwa imeyaondoa kinyume cha utaratibu, kisha ikaiagiza bodi iiangalie upya sera yake. Oktoba 2013, katika shauri la Shule ya Msingi ya Rivonia huko Johannesburg, iliyokuwa imemkataa mtoto ikisema imejaa, Mahakama hiyo ilisema kwamba kikomo kilichowekwa na bodi hakiwezi kuwa neno la mwisho. Lakini pia ikaikemea idara kwa kutenda bila kufuata haki.

Miezi michache kabla ya hapo, Julai 2013, Mahakama hiyohiyo iliamua shauri la shule mbili za jimbo la Free State, Welkom na Harmony. Bodi zilikuwa na sera ya kuwaondoa kwa muda wasichana wenye mimba. Mkuu wa idara akawaamuru walimu wakuu wazipuuze sera hizo. Walimu wakuu wakajikuta katikati, bodi huku na idara huku. Mahakama ikasema kwamba idara haiwezi kuivunja sera ya bodi kwa amri ya simu au barua, bali kwa njia iliyowekwa na sheria. Na ikaziagiza bodi zizirekebishe sera hizo zipatane na haki za wasichana. Septemba 2024 Rais Cyril Ramaphosa alitia sahihi marekebisho ya sheria yanayoipa idara sauti ya mwisho katika uandikishaji na usimamizi zaidi katika lugha.

Somo liko wapi? Bodi ya wazazi isiyo na mipaka inaweza kugeuka boma la wenye nacho, la kuwafungia nje watoto wa wengine. Na afisa anayetaka kulivunja boma hilo naye anafungwa na sheria. Nia njema haimpi ruhusa ya kuruka utaratibu. Sisi hatuna bodi zenye nguvu za namna hiyo, lakini tuna hatari zote mbili zikiwa changa: wazazi wenye uwezo wanaotaka shule ya umma iwe yao peke yao, na maafisa wanaodhani kwamba neno lao ni kanuni.

MPAKA UPITE WAPI?

Basi tuuchore mpaka huo kwa maneno ambayo kila mjumbe ataelewa.

Kwanza, kamati iamue shule inataka nini na fedha itumike wapi. Mpango wa maendeleo na bajeti ya mwaka ni vyake. Mwalimu mkuu ashauri kwa utaalamu wake, lakini uamuzi uwe wa kikao.

Pili, mwalimu mkuu aamue namna ya kufundisha na kuendesha shule kila siku, wala mjumbe mmoja mmoja asiwe na amri yoyote juu ya mwalimu. Mamlaka ya kamati yako katika kikao. Mjumbe akitoka nje ya kikao ni mzazi kama wengine.

Tatu, kalamu igawanywe. Mwalimu mkuu aendelee kuhudhuria na kutoa taarifa, lakini muhtasari uandikwe na mjumbe mwingine anayejua kuandika, mathalani mwakilishi wa walimu, na usomwe na kuthibitishwa kabla watu hawajatawanyika. Anayeomba fedha itoke asiwe yeye peke yake anayethibitisha kwamba vitu vimepokewa.

Nne, taarifa ya mapato na matumizi iwafikie wajumbe siku saba kabla ya kikao, na ibandikwe katika ubao wa matangazo wa shule na wa ofisi ya kijiji au mtaa, kwa Kiswahili kinachosomeka. Isiandikwe "matumizi mengineyo". Iandikwe: chaki katoni kadhaa, shilingi kadhaa, duka fulani.

Tano, mgogoro ukitokea kati ya kamati na mwalimu mkuu, uamuliwe kwa maandishi na kwa muda maalum na ofisi ya elimu ya wilaya, baada ya kusikiliza pande zote mbili. Uhamisho wa ghafla wa mwalimu mkuu au kuvunjwa kwa kamati kwa simu hakutatui jambo. Huhamisha ugonjwa shule ya pili.

Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji mkopo kutoka nje. Yanahitaji karatasi, gundi na moyo wa kutoogopa maswali.

KASUMBA YA "WAZAZI HAWAJASOMA"

Pamebaki pingamizi moja ambalo husemwa kwa sauti ya chini katika ofisi nyingi, nalo ndilo baya kuliko yote: kwamba wazazi wa vijijini hawajasoma, hawajui hesabu, kwa hiyo kuwapa karatasi ni kupoteza wakati.

Hii ni kasumba, na imetoka mbali. Mkoloni aliitumia hiyohiyo kutunyima utawala wa nchi yetu. Mama anayedharauliwa katika kikao cha shule ndiye mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, na hapotezi hata shilingi hamsini. Mzee anayeambiwa haelewi ndiye anayesimama kwenye mizani ya chama cha ushirika na kukataa kilo zake zisipunjwe. Watu hawa wanajua kuuliza stakabadhi iko wapi. Wanachokosa ni mtu wa kuwapa karatasi mapema na kuwasomea bila dharau. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha kuwaonya viongozi dhidi ya kiburi na kutaka wananchi washirikishwe katika mambo yanayohusu maendeleo yao. Mwalimu mkuu anayeficha daftari la hesabu kwa sababu wajumbe "hawataelewa" anaongozwa na fikra ambayo nchi hii iliikataa zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Na kama kweli wapo wajumbe wasioweza kusoma, hiyo ni sababu ya kuwafundisha. Shule ni mahali pa kufundishia. Ingekuwa aibu ya ajabu kama jengo lililojaa walimu lingeshindwa kuwaeleza watu kumi na wawili maana ya bakaa!

Kwa hiyo tunawageukia ndugu zetu maafisa elimu wa kata na wilaya. Mkikagua shule, msiishie kuuliza kama kikao cha kamati kilifanyika. Ombeni muhtasari, kisha mtafuteni mjumbe mmoja mzazi na kumwuliza kilichoamuliwa. Akishindwa kujibu, kikao hicho hakikufanyika, hata kama sahihi zipo kumi na mbili. Nanyi walimu wakuu, taarifa ya muhula huu itoeni wiki moja kabla ya kikao kijacho. Mtaulizwa maswali magumu, na mengine yatawaudhi. Vumilieni. Mwalimu aliyeulizwa na kujibu hulala usingizi; aliyekwepa swali hukesha akimsubiri mkaguzi.